Kabla hujabusti Packard ya zamani, tupigie kwanza

Simu ilikuja gereji kwetu Jumamosi saa nne asubuhi. "Kaka, gari linatoa moshi chini ya boneti na bibi harusi ameshavaa!" Gari lenyewe ni Packard ya 1951, ambayo mteja wetu aliinunua ili abebee maharusi wa jamii yetu hapa Ohio. Stata ilizunguka kichovu, naye akaunga nyaya za kubusti kutoka betri ya pikapu ya shemeji yake kama tulivyozoea sote: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha bodi.

Kumbe kwenye Packard hiyo chanya ndiyo eathi, ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Nyekundu na nyeusi zikakutana kupitia waya wa eathi, betri ya pikapu ikamwaga umeme wake wote humo mpaka ganda la waya likayeyuka. Na hata angeunga sawasawa, pikapu ina volti 12, Packard ina 6. Balbu ndizo zingeungua kwanza. Packard ilihamia volti 12 mwaka 1955.

Akaniuliza kama ampigie dila, yaani wakala wa Packard. Dila gani, ndugu yangu? Kampuni ilishakufa.

Na ilizaliwa hapahapa kwetu. James Ward Packard wa Warren, Ohio, alinunua gari la Alexander Winton wa Cleveland, likamsumbua, akaenda kulalamika. Inasimuliwa kwamba Winton alimjibu atengeneze lake kama anaweza. Akatengeneza, mwaka 1899. Mwaka 1903 kampuni ikahamia Detroit, na kwa miaka mingi tajiri wa Marekani aliyetaka gari la heshima aliitazama Packard kabla ya Cadillac.

Halafu ukaja mdororo wa miaka ya 1930. Kampuni nyingine za magari ya kifahari zikaanza kufa: Peerless ya Cleveland, iliyoanza kwa mashine za kukamulia nguo, iliacha magari 1931 na kiwanda chake kikageuzwa cha bia. Duesenberg ikaenda 1937, Pierce-Arrow ya Buffalo 1938. Cadillac ilikuwa mikononi mwa General Motors tangu 1909, Lincoln mikononi mwa Ford tangu 1922. Hizo zilikuwa na baba wa kuzilisha. Packard, yatima, ilijiokoa 1935 kwa kuuza One Twenty, gari la bei nafuu. Mimi siwalaumu, bila hilo wangezikwa na wenzao. Ila mwenye pesa hapendi gari lake liitwe jina moja na la karani wake, na baada ya vita Cadillac ikakalia kiti. Mwaka 1954 Packard ikaungana na Studebaker, 1956 uundaji ukakoma Detroit, na zile za mwisho za 1958 zilikuwa Studebaker zilizovishwa nembo.

Kwa hiyo spea zake hatuzitafuti kaunta ya dukani. Tunazipata kwa vilabu vya wenye magari hayo, kwenye masalia ya stoo za zamani, na zisipopatikana tunachonga.

Kama yako ni V8 ya 1955 au 1956 na inagonga tapeti (vile vipande vinavyosukuma vali), usikubali haraka ukiambiwa injini imekwisha. Tumeletewa mbili ambazo wenyewe walishaambiwa hivyo. Chini ya pampu ya oili ya injini hiyo kumebandikwa pampu ya kuvuta hewa, ya kusaidia waipa. Ikichakaa inaingiza hewa kwenye oili, na tapeti ikinywa povu badala ya oili lazima ipige kelele. Sisi tunabadilisha pampu, na waipa tunazifungia mota ya umeme.

Kabla hujanunua kipuri chochote, tutumie picha mbili: namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, na betri ikionyesha waya upi umefungwa kwenye bodi. Kuangalia hatutozi.

Mteja wetu tulimfungia waya mpya wa eathi Jumatatu, kazi ya nusu saa. Maharusi walishafika kanisani kwa pikapu.