Wiki hii ni zamu ya akina Matabane

Asalaam aleykum na habari za jioni, ndugu zangu wapenzi wa Isidingo, ule mchezo wa runinga wa Afrika Kusini, hapa Tanga.

Tangu juzi kikundi kizima kinamzungumzia Cherel tu, yule mwanamke mbaya wa mchezo, na sishangai. Michelle Botes, aliyemwigiza, aliuvaa ubaya ule mpaka watu wa Ngamiani wakamchukia kwelikweli. Alifariki Desemba 2024, Mungu amrehemu. Lakini wiki hii naomba tuhamie kwa familia ya akina Matabane. Kwangu mimi wao ndio roho ya mchezo ule.

Hasa tumzungumzie Nandipha, mke wa Parsons Matabane, aliyeigizwa na Hlubi Mboya. Kumwonyesha mwanamke mwenye virusi vya ukimwi akipendwa, akiolewa, akiendelea na maisha yake, wakati mitaani kwetu ugonjwa wenyewe ulitajwa kwa kunong'ona, lilikuwa jambo zito. Mama na binti wanatazama ITV sebuleni, na mazungumzo yaliyoshindikana siku zote yanaanza. Anayekumbuka yaliyosemwa kwao atuandikie, au atume sauti. Mama zetu, msikae kimya, ninyi ndio mliofuatilia kwa makini.

Mchezo ulianza 1998 ukaisha Machi 2020, kwa hiyo wadogo zetu waulize, wasione haya. Matangazo ya biashara humu hapana, tafadhalini.

Jumapili saa kumi alasiri tukutane Raskazone. Njooni na vitafunwa. Chai ya tangawizi naleta mimi.