Barua kwa vijana wetu mnaokwenda Marekani kufundisha Kiswahili

Wanangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Najua mko kwenye pilikapilika za viza na mabegi, maana kule masomo ya vyuo vikuu huanza mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo sitawachosha na habari za baridi. Hizo mtaambiwa na kila mtu. Koti zito nunueni mkishafika. Atakayepangiwa Madison, Wisconsin, asishangae kuona Ziwa Mendota limeganda na watu wanatembea juu yake.

Mimi nataka kusema juu ya darasa, kwa sababu nilifundisha huko kwa miaka mingi na nimeona wiki za mwanzo zikiwavuruga walimu wazuri.

Mwanafunzi atakuita kwa jina lako bila kutanguliza "Mwalimu". Ataingia na kikombe cha kahawa, na asiporidhika na alama atakufuata ofisini akuulize kwa nini. Msikasirike, hajakusudia kukuvunjia heshima. Ukitaka akuite Mwalimu, mwambie siku ya kwanza. Atalipenda hilo neno. Silabasi nayo iandikeni kwa makini, kwani kule huhesabiwa kama mkataba: adhabu ya kuchelewesha kazi kama hamkuiandika, msiizushe katikati ya muhula. Na ule mtindo wetu wa kubandika matokeo ukutani kwa majina, uacheni huku huku. Tangu 1974 wana sheria ya kulinda kumbukumbu za mwanafunzi. Hata mzazi akipiga simu kuuliza maendeleo ya mwanawe, msimjibu ninyi, mwelekezeni idarani.

Hayo mtayamudu. Lililonifanya niandike ni jingine.

Katika darasa lenu kuna uwezekano mkubwa atakuwapo kijana wa Kikongo, hasa mkipelekwa Kentucky, Iowa au Texas. Wazazi wake walikimbia vita Kivu Kusini, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na yeye huenda amezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa 1996. Maana yake ni kwamba amezaliwa Tanzania, na pengine amekulia huko. Atakusalimu "Jambo, mwalimu" kwa moyo mmoja, kwa sababu kwao ndivyo watu wanavyosalimiana. Atasema *batoto*, atasema *mayi*, na Kifaransa kidogo kitapenya katikati. Kisha mtatoa jaribio la ngeli. Mwenzake ambaye hajawahi kuzungumza Kiswahili na mtu yeyote nje ya darasa atapata zote, kwa kuwa amekariri jedwali, na huyu mtoto wa lugha ataanguka.

Mwalimu akimtazama hapo akasema moyoni "huyu hajui Kiswahili", ameshampoteza. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakiliacha somo wiki ya pili, wakajiandikisha Kihispania. Inaniuma hadi leo. Kiswahili hicho hicho wanachoambiwa kimevunjika ndicho wanachomtafsiria mama yao mbele ya daktari, na ndicho baba anachoombea kabla ya chakula.

Nawasihi, msimsahihishe mbele ya wenzake. Muulizeni, "Kwenu mnasemaje?" Andikeni ubaoni *batoto* na *watoto*, sambamba, darasa zima lione. Halafu mkiwa naye peke yake, mwambieni ukweli bila kuzunguka: sanifu ataihitaji kwenye mtihani, na ataihitaji zaidi akitaka kazi ya ukalimani mahakamani au hospitalini. Mwambieni pia kwamba sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya kuisimamia iliundwa 1930 tu. Bibi yangu alizungumza Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu ya Tanga, maisha yake yote na hakuna aliyethubutu kumwambia kakosea.

Jambo kama hilo litawakuta tena Desemba. Wamarekani Weusi wengi husherehekea Kwanzaa, iliyoanzishwa 1966, na huwasha mshumaa kila siku kwa neno la Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, na mengine hadi saba. Mkialikwa, nendeni. Matamshi yao hayatakuwa ya Pangani. Mwacheni mzee wa watu aseme anavyosema. Amelitunza neno hilo bila msaada wetu.

Upweke utakapowabana, na utawabana mnamo Novemba wakisharudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka, na giza likaanza kuingia saa kumi na moja jioni, msijifungie chumbani na simu. Mwombeni yule kijana awapeleke kwao. Wengi wana makanisa yao, ibada ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho na kwaya wanaijua. Aliye Mwislamu naye aende tu kusalimia baada ya ibada, kwani nyumbani kwao ndiko kwenye mazungumzo. Bebeni mchele au sukari, msiende mikono mitupu, na mama yake mwamkieni shikamoo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga