Nimemaliza, sasa wadaiwa wameota mbawa

Swahiba, Mweka Hazina wangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, nawe natumaini u mzima. Najua nimekaa kimya mno, lakini mtu anayeamka alfajiri kwenda kukimbia, jioni ana nguvu gani za kushika kalamu? Kuna usiku nilisinzia nikiwa bado na kijiko mkononi.

Basi, nimemaliza. Mwaka mzima, mbio na baiskeli, kama tulivyotangaza. Siku ya mwisho hapakuwa na utepe wala tarumbeta. Alikuwepo shemeji yako na chupa ya maji, na kale katoto ka jirani kakaniuliza nimekuwa wa ngapi. Nikakajibu wa kwanza. Nimedanganya wapi?

Ila sikuandikii kujisifu, hayo tutayafanya tukionana. Nakuandikia kwa sababu ya ile orodha yako. Unakumbuka siku ile watu walivyopigana vikumbo kuahidi mchango wa matibabu ya watoto, kila mtu na kiasi chake kwa kila kilomita nitakayokwenda? Sasa ndiyo naelewa: walipiga hesabu kwamba mwezi wa pili ningekuwa nimeshatundika daluga. Kilomita zimetimia, na waheshimiwa hawashiki simu.

Anayenikera kuliko wote ni Mzee wa Tai. Yeye simu anashika, tena anaongea kwa raha zake. Anasema za miguu atalipa, ila za baiskeli hazimhusu, kwa sababu aliahidi kumchangia mtu wa mazoezi, hakuahidi kumchangia mtu aliyekaa. Aliyekaa! Mpandishe kilima upepo ukimpiga kifuani ndipo aniambie habari za kukaa. Tena upepo wenyewe haufanyi mzaha: ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne.

Na hilo tulishalimaliza kabla sijaanza, nawe ulikuwepo. Kilomita nne za baiskeli zihesabiwe moja ya miguu. Hatukuliokota barabarani. Kwenye baiskeli uzito wako umebebwa na magurudumu, ukifika mteremkoni unaacha kukanyaga pedali na bado unakwenda. Kwenye mbio kila hatua mguu unapokea kishindo cha mara mbili au tatu ya uzito wa mwili, na mteremko ambao ungedhani ni nafuu ndio unaochanachana mapaja. Hata wale wa Ironman, mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa mpigo, baiskeli yao ni kilomita 180 na mbio ni 42.2. Gawanya mwenyewe uone kama hukupata nne na ushei. Mweleze hivyo hivyo, kwa upole wako ule, maana mimi nikianza nitamtukana.

Halafu mwambie na habari ya kucha. Ilikuwa siku ya mvua, nikahisi kitu kinanichoma ndani ya soksi, nikadhani kijiwe. Nikasimama, nikavua kiatu, nikakung'uta soksi, ikadondoka kucha ya kidole gumba, nyeusi tii, nzima nzima. Nikaitazama, nikaitia mfukoni (usiniulize kwa nini), nikaendelea. Bibi wa ghorofa ya chini aliposikia alilipa deni lake lote siku hiyo hiyo, akaongeza kidogo juu, akasema hiyo ni ya kucha. Hakuuliza ya miguu ni ngapi wala ya baiskeli ni ngapi.

Siku za kuchoka nilikuwa namfikiria Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekimbia kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Mwaka 1980, mguu mmoja wa bandia, alikimbia karibu marathoni nzima kila siku kwa siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomfikia mapafuni ikambidi asimame. Zamani nilikuwa nashangaa mguu wake. Sasa nashangaa akili yake: alitaka dola moja kwa kila Mkanada, basi. Hakuweka kilomita. Mapema mwaka 1981 mfuko ulikuwa umepita dola milioni 24, na Wakanada wakati huo walikuwa kama milioni 24 hivi. Angedai kwa kilomita, angekutana na akina Mzee wa Tai wa kwao.

Kinachonifanya niume meno ni kwamba fedha si zangu. Ni za matibabu ya watoto wale, na wahusika wameshaniuliza mara mbili kwa adabu. Adabu yao ndiyo inaniumiza. Wangefoka ningejua la kujibu.

Mimi mwenyewe sijui nifanye nini na asubuhi zangu. Naamka saa ile ile, naviangalia viatu, shemeji yako ananiambia lala, silali. Labda nianze kuogelea... tuyaache hayo kwanza.

Haya, nijibu. Ile karatasi yenye sahihi za watu unayo, au imekwenda na maji ulipohama? Waliokwisha kulipa ni nani na nani? Yule binamu yako wa maneno mengi umempata? Unaweza kwenda kwa Mzee wa Tai wiki hii, uende na karatasi mkononi? Na jina la tatu kwenye orodha, mbona mwandiko ni wako na mbele yake hakuna tiki? Za baiskeli unazikubali, au nawe una tai?

Nangojea jibu, na ukitaka kupiga simu, piga alfajiri. Nitakuwa macho.

Wako,
Mkimbiaji mstaafu