Barua kwa mjomba anayehesabu miezi

Asalaam aleikum, Mjomba.

Barua kama hii ilitakiwa iandikwe kwenye karatasi, ikunjwe, apewe mtoto akuletee. Naiweka hadharani kwa sababu na wewe uliyasema hadharani, pale Bombo, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mdogo wangu, keki ikiwa mezani, watoto wameshika sahani, wapishi wamesimama mlangoni wasikie wimbo. "Mumewe alirudi Agosti," ulisema, ukaanza kukunja vidole: Septemba, Oktoba, Novemba. Ulipofika Aprili vilikuwa vinane. Ukakiinua cha tisa watu wakione, kisha ukaomba soda.

Mdogo wangu alikata keki mpaka mwisho. Wageni wakala, watoto wakamwagiana maji kama kawaida yao siku ya kuzaliwa, watu wakaenda zao. Hakuna aliyekujibu, kwa sababu mkubwa hajibiwi mbele ya watu. Ninayoyaandika hapa ya kliniki, mwenyewe kaniruhusu.

Basi tuhesabu. Shemeji alitua Entebbe tarehe 3 Agosti akitoka Mogadishu, na wewe mwenyewe ulikuwa kwenye gari lililokwenda kumpokea. Mtoto alizaliwa tarehe 10 Aprili. Katikati hapo kuna siku 250. Unataka miezi tisa ya kalenda, ambayo ni siku kama 274, kwa hiyo unaona wiki tatu na ushee hazipo.

Mkunga haanzii pale unapoanzia wewe. Mjamzito akifika humwuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na wiki zinahesabiwa kuanzia hapo, ingawa siku hiyo mimba bado. Kwa kawaida hutunga kama wiki mbili baadaye. Ndiyo maana kadi inasema wiki 40, yaani siku 280, wakati tumboni mtoto hukaa siku 266 hivi. Kupata tarehe ya kujifungua, mkunga hujumlisha siku saba na kurudi nyuma miezi mitatu, kanuni ya Franz Naegele, daktari Mjerumani wa karne ya 19, na bado ndiyo inayotumika. Hedhi ya mwisho ya mdogo wangu ilianza 20 Julai. (Samahani, Mjomba, lakini huku umetuleta wewe.) Jumlisha saba, inakuwa 27. Rudi miezi mitatu, ni Aprili. Kadi yake imeandikwa 27 Aprili, na skani ya wiki ya kumi na moja ilikubaliana nayo. Skani ya mapema hivyo hupishana kwa siku chache tu. Zile za miezi ya mwisho ndizo zinazoweza kupotea hata wiki tatu.

Kwa hiyo tarehe 10 Aprili mimba ilikuwa na wiki 37 na siku tano. Njiti ni anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Huyu alikuwa na kilo 2.8, akalia kabla mkunga hajamfuta. Ametangulia tarehe ya kadi kwa siku 17, basi. Tarehe ile yenyewe ni makisio: katika wanawake mia, wanaojifungua siku hiyo hasa ni wanne au watano. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mimba 125 ambazo siku ya kutunga ilijulikana kwa vipimo vya mkojo, na hata baada ya kuwatoa njiti, mimba fupi na mimba ndefu zilipishana kwa siku 37. Wiki tano nzima, Mjomba, na wote ni watoto wazima. Kidole chako hakiwezi kubeba tofauti hiyo.

Kama ya hospitali huiamini, hii ya msikitini huna pa kuikimbilia, maana wewe ni mtu wa safu ya mbele. Al-Ahqaf, aya ya 15: kumbeba mtoto mpaka kumwachisha ziwa ni miezi thelathini. Al-Baqara, aya ya 233: kunyonyesha ni miaka miwili kamili. Toa ishirini na nne kwenye thelathini. Kwa aya hizo mbili wanazuoni wamesema tangu enzi za masahaba kwamba mimba inaweza kuwa ya miezi sita, na mtoto huyo ni wa mume. Sheria imempa mwanamke nafasi ya miezi sita, wewe umemnyima ya minane.

Sasa tuje nyumbani kwetu, maana hapa ndipo nilipokuwa napataka.

Bibi anasema alikuzaa Idi Kubwa, Amin akiwa ameshika serikali wiki mbili tu, na nyama ya udhia ilikuwa haijaiva uchungu ulipomshika. Bibi hakusoma, lakini maneno yake yanashikana. Amin alipindua serikali ya Obote tarehe 25 Januari 1971, na Idi Kubwa ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Februari. Kitambulisho chako kinasema 1 Januari 1971. Tunajua ilivyokuwa: mwaka 2014, kwenye foleni ya uandikishaji, uliulizwa tarehe, ukajibu "sabini na moja", kijana akajaza yaliyobaki. Kwa kadi hiyo ulizaliwa Obote bado yuko kitini. Si wewe peke yako. Wazee wangapi wa mtaa wetu walizaliwa siku moja, tarehe moja Januari, kana kwamba walipangana?

Mama naye. Bibi anasema alimzaa Wahindi wanafunga maduka, yaani ndani ya zile siku 90 walizopewa na Amin wawe wameondoka nchini, kuanzia Agosti 1972. Alipopelekwa kuanza darasa la kwanza, mwalimu akamwambia avushe mkono juu ya kichwa. Ukashika sikio la upande wa pili, akaonekana ametosha, akaandikiwa 2 Juni 1971. Mwalimu aliitoa wapi tarehe hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Imemfuata kwenye vyeti mpaka kwenye kitambulisho.

Ziweke kadi zenu mezani, Mjomba. Tarehe 1 Januari na 2 Juni, mwaka mmoja, tumbo moja. Miezi mitano. Kwa vidole vyako, Bibi ana kesi kubwa kuliko ya mdogo wangu, lakini sijakuona ukimwinulia kidole. Namba yako ya kitambulisho ina 71 ndani yake, ya Mama ina 71, na serikali inawatambua nyote wawili.

Sisi hatukuwa watu wa keki. Mtoto wetu alichinjiwa akika siku ya saba, mama akakaa arobaini yake, halafu umri ukahesabiwa kwa Idi na kwa serikali zilizopinduliwa. Naipenda hesabu ile, ilikuwa na nafasi ya kupumua. Kalenda imeingia nyumbani juzi na watoto hawa wa keki, na kazi ya kwanza uliyoipa ni kumshtaki mtoto wa dada yako. Watoto waliozaliwa Desemba 2020, baada ya nchi kufungwa mwisho wa Machi, wote tuliwahesabia miezi tukacheka, kwa sababu waume walikuwa ndani. Huyu baba yake ni askari, basi hesabu ikawa upelelezi.

Shemeji hana neno. Alipigiwa simu Mogadishu usiku uleule, akauliza tu keki ilikuwa ya rangi gani. Shida iko kwa mama yake, kule Wobulenzi. Siku hizi akimpakata mtoto humfunua masikio akayatazama, ya kulia kisha ya kushoto, halafu anamrudisha bila kusema kitu. Mdogo wangu ameliona hilo mara zaidi ya moja.

Mimi siwezi kwenda kwa mama mkwe wake kumfundisha wiki 37. Wewe unaweza, na ni mkubwa anayesikilizwa. Nenda kabla ya Idi, usitume mtu, useme kwa mdomo uleule. Nakala ya kadi ya kliniki nimeiacha kwa Bibi, ndani ya bahasha ya kaki, ipitie njiani.

Mpwa wako.