Barua kwa mwanangu anayefundisha ngumi

Mwanangu,

Unasema kijana wako mpya ana konde zito, ila akikosa anapepesuka, na wenzako jimu wanakushauri umfundishe upya kila kitu. Kabla hujamgusa, mfahamu mkufunzi wa ngumi Charley Goldman.

Myahudi huyu alizaliwa Warsaw, akakulia Brooklyn, akaanza kupigana mwaka 1904 katika uzito mdogo wa bantam. Ngumi zilimpinda vifundo vya vidole. Baadaye akawa mkufunzi, na bondia wa kwanza ambaye yeye alimfikisha kwenye ubingwa ni Al McCoy, uzito wa kati, mwaka 1914.

Kazi itakayokufaa ni ile ya Rocky Marciano, bondia wa meneja Al Weill. Alikuwa mfupi kwa uzito wa juu, hafiki sentimita 180, na mikono yake mifupi. Goldman hakumlazimisha kusimama wima kama warefu. Alimwinamisha zaidi, ngumi zao zipite juu naye aingie chini. Konde la kulia hakuliondoa, alilifupisha tu. Hapo ndipo ninapomheshimu sana.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa miguuni. Marciano aliitanua mno. Miguu ikitanuka hivyo nyonga haizunguki, nguvu inatoka begani peke yake, na ngumi ikikosa inamvuta mwenyewe mbele. Goldman akamfunga miguu kwa kamba.

Nawe fanya hivyo. Tumia kamba ya pamba, maana nailoni hukata ngozi. Funga kifundo cha mguu kwa kifundo cha mguu, urefu uzidi kidogo upana wa mabega. Apigane na kivuli, yaani arushe ngumi hewani bila mpinzani, raundi 3 za dakika 3, polepole, juu ya mkeka. Mguu wa mbele utangulie, wa nyuma ufuate kwa hatua ileile. Kamba ikikaza ghafla, amejirusha. Ikiburuta sakafuni, miguu imekaribiana na kikumbo kidogo kitamwangusha. Usimruhusu kupiga begi akiwa amefungwa.

Tarehe 23 Septemba 1952, Philadelphia, bingwa wa dunia wa uzito wa juu Jersey Joe Walcott alimwangusha Marciano raundi ya 1. Hadi mwisho wa raundi ya 12 Walcott aliongoza kwa pointi kwenye kadi zote tatu za waamuzi. Raundi ya 13, karibu na kamba za ulingo, konde lile la kulia lililofupishwa likatua kwenye taya, na Walcott akashuka akining'inia kwa mkono mmoja kwenye kamba.

Niandikie kijana wako akishamaliza wiki mbili, unieleze hasa mguu wa nyuma unafanyaje.

Baba yako