Malalamiko kuhusu bati la milango ya Land Rover na kadibodi iliyokanyagwa

Pasua, Moshi
12 Aprili

Kwa Meneja,
Karakana ya Kukata na Kukunja Bati,
Arusha.

YAH: BATI LA MILANGO MIWILI YA LAND ROVER

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Meneja, nakusalimu kwa heshima, na ninajitahidi heshima hiyo ifike hadi mwisho wa ukurasa. Masharti yenu ya oda mmeyabandika wenyewe pale kaunta, kwa hiyo sitakusomea. Niliandikisha geji 18. Nimepewa geji 22.

Nimepima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene, si kwa macho. Geji 18 ni milimita 1.2. Bati lenu linasoma 0.7 kila pembe. Hata kabla ya kupima nilishashtuka, maana rodi ya kwanza ya kuchomelea ilipogusa ukingo, bati lilitoboka kama karatasi ya sigara. Nikapunguza moto wa mashine, likatoboka tena. Najua bati jembamba linachomelewa nukta nukta, huku na kule, unaliacha lipoe lisipinde. Nilifanya hivyo. Lakini nukta gani itashika kwenye tundu?

Ingekuwa geji peke yake, ningepanda Coaster nikaja tukayamaliza kiutu uzima. Kubwa ni mkunjo. Gari langu ni Series III, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli, na tangu ilipokuja Series II mwaka 1958 ubavu wa Land Rover si bapa. Una tumbo pale karibu na kiuno. Mlango ukikosa tumbo hilo haulali na bodi. Nyumbani nina grenda, mashine ya kuchomelea na nyundo za kila saizi. Mashine ya kukunja sina, ndiyo niliyowalipa ninyi. Mmenipa kitu bapa kama mlango wa choo. Nimekijaribisha kwenye bawaba: chini kimekaa, juu kimeacha mwanya wa vidole vitatu, na masika ndiyo haya. Gari liko uani chini ya turubai, viti vimeanza kunuka ukungu.

Na msiseme hamkujua umbo. Kadibodi niliyoikata kwa umbo la mlango niliwaletea. Msimamizi wenu wa karakana aliichukua mkononi mwangu, akaitazama mara moja, akaitupa chini kwenye vumbi la grenda, akasema vipimo vya milango ya Land Rover anavyo kichwani. Kisha akaongeza: "Mzee, hili gari limeshakufa, lizike."

Nilikuwa nimeshalipa kaunta. Shilingi 340,000, na risiti niliyopewa imeandikwa kwa kalamu, jambo ambalo nitalirudia.

Labda nawe unajiuliza kwa nini nisinunue milango iliyotumika. Nimeitafuta. Inayopatikana ina ugonjwa uleule wa yangu: fremu ya chuma imevikwa ngozi ya aluminiamu, maji yakikaa katikati, vyuma viwili hivyo vinaanza kulana, na ukibonyeza kwa kidole unga mweupe unamwagika. Ndiyo maana nikaamua kuunda ya chuma kitupu, fremu ya paipu za mraba za inchi moja, bati juu yake, praima ndani na nje. Fremu zote mbili ziko tayari tangu Februari. Nimezipima kona kwa kona, hazijapishana hata milimita mbili. Zinangoja bati.

Nimepiga simu mara nne. Mara ya nne binti mmoja, mwenye adabu kwa kweli, aliniambia mzigo ukishatoka getini haurudi. Hata uliokosewa?

Naomba nirudi kwenye kadibodi, maana pale juu nimeipita haraka na usiku silali kwa ajili yake. Ilikuwa boksi la friji. Niliichora jioni tatu, nikilitambaza juu ya mlango wa zamani, nikikata kidogo, nikijaribisha, nikikata tena, mpaka ule mviringo ukakubali. Msimamizi wenu hakuitupa tu. Alipogeuka kwenda kwenye mashine aliikanyaga, buti lote, palepale kwenye mviringo, na vijana wa pale wakacheka. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa amenishika mkono. Yeye ndiye aliyeinama kuiokota, akaipangusa kwa shati la shule. Shikamoo sikuidai, siku hizi ni hiari. Lakini unajua mimi nilisema nini, Meneja? Nilisema "ahsante." Miaka yangu 67, natupiwa kitu changu chini mbele ya mtoto, nami nasema ahsante.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kuomba bati lingine tu, geji 18, lililokunjwa kwa kufuata kadibodi. Sasa sitaki bati lenu. Nataka 340,000 yangu yote, nauli ya safari mbili na gharama ya kupakia mzigo juu ya basi. Na nataka msimamizi yule aniombe radhi palepale karakana, mbele ya vijana walewale, mjukuu wangu akiwepo.

Nawapa siku 14. La, siku 14 ni nyingi kwa gari lisilo na milango wakati wa mvua: siku 7. Zikipita kimya, barua hii na venia yangu vitakwenda Tume ya Ushindani, na ile risiti ya kalamu itakwenda TRA, watu wa kodi, wao watawauliza mashine ya EFD ya kutolea risiti ilikuwa wapi siku hiyo. Hilo sikupenda kulifikisha huko.

Siku ya kuja nitakuja na kadibodi. Alama ya buti bado ipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, Pasua