Kiwanja kigumu cha gofu kimfikirie na mgeni anayekuja mara moja

Mhariri,

Salamu kwako na kwa dawati zima la michezo. Nimeisoma makala yenu ya viwanja vigumu vya gofu vya hoteli za mapumziko, na kwanza niseme asanteni, manake ni nadra sana gofu kupewa ukurasa mzima kwa Kiswahili na sisi wapenzi wa mchezo huu tuna kiu. Ila kuna jambo limenikera na naomba nafasi niliseme. Mwandishi wenu amepima ugumu kwa vitu vitatu tu, urefu wa kiwanja, wingi wa maji na namba ya slopu (nitaieleza hapo chini), halafu akamalizia kwamba kiwanja bora ni kile kinachowashinda wengi. Hapo mimi nakataa kabisa.

Kiwanja cha klabu na kiwanja cha hoteli si kitu kimoja. Mwanachama wa klabu anacheza mashimo yaleyale miaka nenda miaka rudi, anajua nyuma ya kile kilima kuna mtaro, anajua grini ya shimo la sita, yani yale majani mafupi yenye kishimo cha kumalizia, inateremkia kushoto hata kama kwa macho unaona inaenda kulia. Mgeni wa hoteli hajui chochote, kafika jana usiku, kesho anaondoka, na pengine hatakiona tena kiwanja kile maishani mwake. Kwa hiyo msanifu wa kiwanja cha mapumziko ana kazi ya ziada, shimo lazima lijieleze lenyewe mtu akiwa bado amesimama kwenye tii, pale anapopigia mkwaju wa kwanza. Aone hatari ilipo, aone na njia ya kuikwepa, halafu aamue mwenyewe. Akiamua vibaya alipe, hakuna atakayelalamika. Lakini kumwadhibu mtu kwa kitu ambacho hakukiona na hakuwa na namna yoyote ya kukijua, huo si ugumu, huo ni uonevu.

Hii namba ya slopu nayo watu wanaielewa ndivyo sivyo, na hoteli nyingi zinaiweka mbele kwenye matangazo kwa kujivuna. Slopu inaanzia 55 mpaka 155 na kiwanja cha wastani kinahesabiwa 113. Haipimi kiwanja ni kigumu kiasi gani kwa mchezaji mahiri, hiyo ina kipimo chake kingine kabisa. Slopu inapima kiwanja kinamlemea mchezaji wa kawaida kwa kiasi gani zaidi ya kinavyomlemea yule wa handikapu sifuri, yani mahiri asiyehitaji kupunguziwa mikwaju (handikapu ni mikwaju mchezaji anayopunguziwa kulingana na uwezo wake). Na mchezaji wa kawaida kwenye hesabu hizo, kwa wanaume, ni mtu wa handikapu 20 hivi ambaye mkwaju wake wa kwanza unaenda yadi 200, yani kama mita 183, wakati mwenzake wa sifuri anafikisha yadi 250. Sasa hoteli ikitangaza slopu ya 145 inachokwambia hasa ni kwamba mteja wake wa kawaida, ambao ndo wengi, ataumia kuliko bingwa kwa tofauti kubwa sana. Hiyo ni taarifa nzuri mtu kuijua kabla ya kwenda, ila si sifa.

Nimecheza kiwanja cha namna hiyo, cha hoteli ambayo sitaitaja. Kimependeza mno kwa macho, nyasi zimekatwa vizuri, wahudumu wakarimu, hapo sina neno. Lakini shimo moja la paa 4, yani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, lilikuwa na kijito kinachokata fewei, ile njia ya nyasi fupi kutoka tii mpaka grini, katikati pale pale mkwaju wa mtu wa kawaida unapotua, na kutoka kwenye tii hukioni kwa sababu ardhi imenyanyuka mbele yako. Anayepiga mbali anakiruka bila hata kujua kama kipo. Wa kawaida anapiga mkwaju mzuri kuliko yote ya siku hiyo, katikati kabisa ya fewei, anashangilia, anafika pale mpira haupo. Tulikuwa na bwana mmoja mgeni kwenye kundi letu, mtu mpole tu, shimo hilo lilimkata moyo kabisa na baada ya mashimo tisa akarudisha fimbo kwenye begi akasema inatosha. Mimi nilimwonea huruma sana manake hakucheza vibaya. Kama kile kijito kingechorwa kimshazari, kionekane, upande mmoja kiwe karibu na mwingine kiwe mbali, kila mtu angechagua pa kukivukia kulingana na nguvu zake. Maji ni yaleyale na nafasi ni ileile, ni mchoro tu umebadilika.

Mfano mzuri wa ninachokisema ni Pinehurst No. 2 kule North Carolina, Marekani. Hiki ni kiwanja cha hoteli, mgeni yeyote aliyelala pale anaweza kukicheza, na wakati huohuo ni kati ya viwanja vinavyoogopwa na mabingwa. Kilifunguliwa 1907, kazi ya Donald Ross, na huyu mzee aliendelea kukirekebisha karibu mpaka alipofariki 1948. Maji? Kuna kidimbwi kimoja tu shimo la 16 na hakimsumbui mtu. Unaweza kuanza na mpira mmoja ukamaliza na huohuo. Fewei ni pana. Ugumu wote uko kwenye grini, zimenyanyuka katikati na kushuka kingo zote kama bakuli lililopinduliwa, mpira usiotua mahali pake unaviringika pole pole mpaka nje, na hapo ndo shughuli inaanza. Unasimama chini ya mteremko na una njia nne tano za kuurudisha, unaweza kuurusha juu kwa weji, fimbo ya kunyanyulia mpira, unaweza kuuchipu, yani kuupiga mfupi wa chini, ukadunda kwenye mteremko, unaweza kuchukua putta, fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, ukausukuma tu ukapanda. Mwaka 2014 Martin Kaymer alishinda US Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, pale akiwa 9 chini ya paa, na mara nyingi mpira wake ukitoka nje ya grini alikuwa anatumia putta badala ya kuurusha. Watatu tu ndo walimaliza chini ya paa wiki ile. Wiki iliyofuata wanawake wakacheza US Open yao palepale, Michelle Wie akashinda akiwa yeye peke yake chini ya paa.

Sasa hebu fikirini, ile putta ya Kaymer hata bibi wa miaka 70 anaweza kuipiga! Hatafanikiwa sawasawa na Kaymer lakini mkwaju ni uleule, njia ni ileile, na mpira haupotei. Kiwanja kile kimewasumbua wachezaji bora wa dunia bila kumfukuza mtu. Halafu kabla ya mashindano hayo, 2010 na 2011, Bill Coore na Ben Crenshaw walikifanyia ukarabati, wakaondoa ile rafu, nyasi ndefu za pembeni mwa fewei, ya kumwagiliwa maji wakarudisha mchanga na vichaka vya nyasi za asili pembeni, fewei zikawa pana zaidi. Yani walikipanua na bado hakikuwa rahisi. Wenye hoteli wanaodhani ugumu ni kubana fewei na kuotesha nyasi za magotini wangekwenda kukitazama.

Najua kuna atakayenijibu kwa kiwanja cha TPC Sawgrass, lile shimo la 17 lenye grini kisiwani kule Florida, kwamba pale hakuna njia ya kuzunguka na bado watu wanasafiri kutoka kila pembe ya dunia kulicheza. Ni kweli, na mimi nalipenda shimo lile. Lakini angalieni lilivyo. Ni yadi 137 tu kwa mabingwa, kama mita 125, wageni wanaanzia karibu zaidi, na kila kitu kiko wazi mbele ya macho yako, hakuna kilichofichwa hata kidogo. Hofu yote iko kichwani. Bob Tway mwaka 2005 alitumia mikwaju 12 pale, na huyo ni mtu aliyewahi kushinda mashindano makubwa ya PGA. Mgeni akitumbukiza mipira ana sehemu ya kudondoshea mpira iliyo karibu, anaenda kumalizia pale na safari inaendelea. Tena ni shimo moja. Msanifu Pete Dye hakufanya visiwa 18.

Na hapa kuna jambo ambalo nasikitika makala yenu haikuligusa. Wazo la kile kisiwa lilitoka kwa mke wake, Alice Dye. Walikuwa wamechimba mchanga mwingi pale kwa ajili ya kujengea sehemu nyingine za kiwanja, likabaki bonde kubwa, akamwambia mumewe wajaze maji yaizunguke grini. Mama huyohuyo ndiye aliyepigania miaka mingi wanawake na wapigaji wafupi wawekewe tii za mbele zenye umbali wa haki, badala ya kutupiwa tii moja hovyohovyo iliyobaki pembeni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia kwenye chama cha wasanifu wa viwanja vya gofu Marekani na baadaye akawa rais wake. Yani mtu aliyetuletea shimo linalotisha kuliko yote ndiye huyohuyo aliyedai mchezaji dhaifu apewe pa kuanzia pa maana. Mimi naona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, unaweza kumtisha mtu vizuri pale tu ulipompa mkwaju anaouweza.

Urefu nao usiwapumbaze. Ocean Course ya Kiawah Island, South Carolina, kazi ya Pete Dye huyohuyo, kwenye mashindano ya PGA ya 2021 ilipangwa yadi 7,876, hakuna kiwanja cha mashindano makubwa kilichokuwa kimewahi kufika urefu huo, na aliyeshinda ni Phil Mickelson akiwa na miaka 50, mkubwa kwa umri kuliko mshindi yeyote wa mashindano makubwa kabla yake. Kinachosumbua pale ni upepo wa bahari, leo unavuma huku kesho kule. Na sehemu ya upepo huo pia ni Alice, yeye ndiye aliyeshauri ardhi inyanyuliwe ili wachezaji waione bahari, ikawa wanaiona na upepo nao unawapata vizuri. Kule kwenye kiwanja cha Pebble Beach, California, shimo la 7 ni kama yadi 106, mtoto anaweza kulifikia siku ya utulivu, lakini upepo ukitoka baharini mabingwa wanasimama pale hawajui wachukue fimbo gani.

Lakini mgeni mwenyewe naye lazima apewe tii inayomfaa, na hapa hoteli nyingi zinazembea. Tangu 2011 kuna kampeni ya PGA ya Marekani, chama cha wataalamu wa gofu, na USGA, chama cha gofu cha nchi hiyo, ya kuwahimiza watu wasogee mbele, na hesabu yao ni kwamba anayepiga yadi 200 kwa mkwaju wa kwanza acheze kiwanja cha yadi 5,200 mpaka 5,400. Sasa nendeni kwenye kiwanja chochote cha mapumziko mkaangalie, utakuta wanaume watatu wa yadi 190 wamesimama kwenye tii za yadi 6,700 kwa sababu zile za mbele zimeandikwa za wanawake au za wazee na hakuna anayetaka kuonekana anazitumia. Ziandikwe kwa umbali wa mkwaju, basi. Muhudumu wa kuanzisha michezo awaulize wageni kwa heshima, ndugu zangu mnapiga umbali gani, halafu awaonyeshe. Na awaambie shimo lipi lina maji yasiyoonekana. Dakika mbili tu za mazungumzo zinaokoa saa nzima uwanjani.

Manake muda ndo unaoharibu siku. Kila mpira unaopotea watu wanne wanaingia vichakani, kanuni inaruhusu dakika 3 za kutafuta tangu 2019, zamani zilikuwa 5, halafu ukikosekana mwenye mpira anarudi alikopigia, nyuma yake kundi linasubiri na nyuma ya hilo lingine. Kiwanja kilichochorwa kupoteza mipira hakiwezi kwenda haraka hata uweke walinzi wa mwendo kila shimo. Wamiliki wanalaumu wageni kwamba ni wazito wakati tatizo wamelijenga wenyewe ardhini.

Kubadilisha mchoro ni gharama kubwa, hilo naelewa, siwezi kutegemea kila hoteli ibomoe mashimo yake. Ila kuna kitu wanaweza kukifanya wiki hii. Kanuni za 2019 zilileta kanuni ya ziada ambayo kiwanja chochote kinaweza kuichukua kwa michezo ya kawaida, kwamba mpira ukipotea au ukitoka nje ya mipaka mchezaji harudi nyuma, anadondosha mwingine kwenye fewei usawa wa pale ulipopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili. Mabingwa hawaitumii na hawaihitaji. Kwa kiwanja cha wageni ni dawa kabisa, na kuiweka ni suala la kuandika mistari michache nyuma ya kadi ya alama.

Wako,
Msomaji na mcheza gofu wa handikapu ya kawaida